Inodi si kitambulisho cha faili! Programu imeruka logi za muda wa saa 14

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu jana, ngoja nilitapike.

Tuna programu ya kukusanya logi za seva (mafaili ambamo seva huandika kila tukio), jina nalisitiri. Kazi yake: isome faili, ikumbuke ilipoishia, iendelee. Jana asubuhi bosi ananiuliza mbona dashibodi ya malipo imelala. Naingia kwenye seva, logi zinamiminika kama kawaida, programu iko hai, haijalalamika kosa hata moja. Saa nane mchana ikazinduka yenyewe, na mstari wa kwanza iliotuma umekatwa katikati ya neno.

Nikafungua kidaftari chake cha kumbukumbu. Faili la juzi: inodi (namba ambayo diski hulipa kila faili) 1311762. Nikapiga ls -i, amri ya kuonyesha inodi, kwenye faili jipya: 1311762! Skripti yetu ya usiku hubana logi ya zamani, huifuta, kisha hufungua mpya kwa jina lile lile. ext4, mfumo wa mafaili wa Linux tunaoutumia, haina makuu, namba ikiachwa wazi anapewa anayefuata. Programu ikasema huyu namjua, tuliishia baiti ya 48,212,906. Ikakaa inasubiri faili lifike hapo!

Jamani, inodi ni namba ya chumba cha gesti. Mgeni wa chumba 14 kaondoka alfajiri, saa nne kuna mwingine kalala humo. Utamgongea umdai deni la yule wa jana?

Na msinijie na "POSIX (kanuni za mifumo ya aina ya Unix) inasema tumia st_dev (namba ya diski) pamoja na st_ino (namba ya inodi)". Hiyo ni kwa mafaili yaliyo hai kwa wakati mmoja, lililofutwa halihusiki. Na st_dev yenyewe, ukiwasha upya seva diski zikajipanga vingine, imebadilika. Flashi yenye FAT, mfumo mwingine wa mafaili, ndiyo kichekesho: haina inodi kabisa, Linux inabuni tu namba.

Eti kuna chaguo la kutambua faili kwa hashi (alama fupi inayokokotolewa) ya baiti za mwanzo. Logi zetu zote zinaanza na kichwa kile kile cha mistari 12. Mapacha watupu.

Kinachoniuma, dawa ipo miaka mingi. Lishikilie faili wazi. Ukiwa umelishika, keneli (kiini cha Linux) haimpi mtu mwingine inodi yake hata likifutwa. Kisha uliza taarifa mara mbili, fstat kwa faili ulilolishika na stat kwa jina lake, inodi zikitofautiana ujue limebadilishwa. Programu ikizimwa je? Hifadhi na muda faili lilipozaliwa, wito wa statx unautoa tangu Linux 4.11, na ext4 inao. Hata bila hayo yote, faili likiwa dogo kuliko alama uliyoiweka, anza mwanzo! If (sharti) moja tu kwenye kodi, wakuu. Moja!

Nimewaandikia wenye programu. Jibu lao: "badilisheni skripti yenu".

Nimebadilisha. Sasa hivi naingiza kwa mkono logi za malipo za saa 14. Mwenye programu isiyo na upuuzi huu aitaje hapa chini.