Kukagua kama safu ya NumPy ni tupu: `if not`, `len` au `size`?

kipanga7: Wakuu, nina funksheni inayochuja vipimo vilivyo kwenye safu `a` ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python) kisha inatafuta kilicho kikubwa kuliko vyote. Jana kichujio hakikubakisha kitu, `a.max()` ikagoma na kutoa ValueError. Kwenye orodha za kawaida za Python nimezoea `if not a`. Wengine naona wanaandika `len(a) == 0`, wengine `a.size == 0`. Ipi ya kuaminika?

mtatuzi: `if not a` achana nayo kabisa, mkuu. Orodha hujibu kama ina kitu. Safu ya NumPy hutazama thamani ya kilichomo. `np.array([0])` itahesabiwa tupu wakati sifuri imo ndani. Elementi zikiwa mbili au zaidi, unapata ValueError. Safu tupu yenyewe ilikuwa ikitoa onyo tu tangu toleo la 1.14, kuanzia 2.2 ni hitilafu kamili.

jioni_tulivu: Mimi ni `len` miaka yote na haijawahi kuniangusha. Inasomeka vizuri pia.

mtatuzi: Bila shaka safu zako ni za mhimili mmoja (mstari mmoja tu wa thamani). Jaribu hii:

```
b = np.zeros((3, 0))
len(b)    # 3
b.size    # 0
```

`len` huhesabu mhimili wa kwanza tu: mistari mitatu, kila mmoja mtupu. `size` huzidisha mihimili yote, 3 × 0. Tena `len(np.array(5))` inatoa TypeError, ilhali `size` yake ni 1.

jioni_tulivu: Nimejaribu, kweli imetoa 3. Nina msimbo unaokata safu wima kwa namna hiyohiyo, naenda kuurekebisha sasa hivi.

kokoto: Msije mkakimbilia `not a.any()`. Safu ya sifuri elfu moja nayo itaonekana tupu. Kama funksheni inaweza kupokea orodha, `np.size(x) == 0` inafaa, ila None (thamani ya Python ya "hakuna kitu") ikaguliwe peke yake kwanza, maana `np.size(None)` hurudisha 1.

kipanga7: Nimeweka `if a.size == 0: return None` kabla ya `max`, imetulia. Je, `mean` nayo inahitaji ukaguzi huo?

mtatuzi: Inahitaji zaidi. `max` inasimama ukaona kosa; `mean` ya safu tupu inatoa onyo, inarudisha `nan` ("si namba"), na programu inaendelea nayo hadi mwisho wa hesabu.