Bambang Pamungkas hana kombe kubwa la timu ya taifa, lakini lawama zipelekeni PSSI, shirikisho la soka la Indonesia!

Wakuu, nimechoka. Kila soka la Asia likizungumzwa lazima aibuke mtu aseme Bambang Pamungkas alikuwa straika wa kawaida tu, eti kwa sababu hakuipa Indonesia kombe. Hivi huwa mnaangalia mpira au mnahesabu medali?

Jamaa ana sentimita 171 na alikuwa anawaruka mabeki waliomzidi kimo, anafunga kwa kichwa. Tiger Cup 2002, mashindano ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki yaliyokuja kuitwa Kombe la AFF, ndiye mfungaji bora, mabao 8. Najua mtakimbilia yale manne aliyowafunga Ufilipino, siku waliyopigwa 13-1. Haya, yatoeni. Bao pekee la nusu fainali dhidi ya Malaysia lilikuwa la nani? Fainali wakatanguliwa 2-0 na Thailand, wakasawazisha, wakafia kwenye penalti. Kosa lake hapo liko wapi?

Akaenda Selangor, klabu ya Malaysia. Fainali ya Kombe la Malaysia 2005 akawatandika Perlis mabao matatu peke yake. Kumbe makombe anabeba, akikuta watu wanaojua kazi!

Nyumbani sasa. PSSI ilikuwa mikononi mwa Nurdin Halid, aliyefungwa kwa ufisadi na bado akang'ang'ania kiti. Mwenyekiti yuko gerezani, shirikisho linaendeshwa kutoka huko huko! Alipoondoka 2011 wakubwa wakagombana upya, ligi zikawa mbili, wachezaji wa Indonesia Super League (ISL), ile iliyokuwa haitambuliwi na PSSI, wakazuiwa kuchezea taifa. Februari 29, 2012, Riffa: Bahrain 10, Indonesia 0. Bahrain hao hao walilala 2-1 Jakarta kwenye Kombe la Asia 2007, na bao la ushindi alifunga Bepe, yaani Bambang huyu huyu.

Mwisho wa mwaka huo, Kombe la AFF, klabu za ISL zikabana wachezaji. Bambang akaenda, miaka 32, akijua kabisa atawaudhi waajiri wake. Tena hao ni waajiri wa ligi ambayo mishahara ilikuwa hadithi. Desemba hiyo hiyo Diego Mendieta, mshambuliaji wa Paraguay aliyekuwa Persis Solo, alifia huko Solo akidai mshahara wa miezi kadhaa. Mtu kafa anadai jasho lake, viongozi wanagombea mihuri! Na bado hawakujifunza, 2015 FIFA ikaifungia nchi nzima kwa mwaka mmoja.

Mnataka straika afanye nini hapo, akaongoze na shirikisho?

Ubingwa wa Indonesia alichukua na Persija, klabu ya Jakarta, 2001, fainali dhidi ya PSM Makassar iliisha 3-2 na mawili yalikuwa yake. 2018 Persija wakachukua tena yumo kikosini, miaka 38. Akatundika daluga Desemba 2019.

Anayebisha aje na mechi na mwaka. Porojo za "hakushinda kitu" sizijibu.