Kifua kikuu Mererani: hela ya kuwapima wanaapolo itoke wapi?

Wakuu salaam. Kuna mkuu kaandika kwamba wamiliki wa migodi ya tanzanite wasibebeshwe gharama za kuwapima TB wanaapolo, yaani wachimbaji wanaoshuka mashimoni, kodi wanazolipa zinatosha na ugonjwa ni kazi ya Wizara ya Afya. Napingana naye, ila kwenye kodi ana haki. Mrabaha wa vito 6%, ada ya ukaguzi 1%, ushuru wa huduma wa halmashauri, na tangu ule ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi uzinduliwe 2018 mawe yanatakiwa yapite getini, kukwepa sio kama zamani.

Sasa njooni kwenye mapafu. Mwamba ukichorongwa mkavu unatoa vumbi la silika, laini mno hata hulioni, mtu analivuta mwaka wa kwanza wa pili wa tano, mapafu yanaota makovu na hapo TB inaingia kirahisi. TB inatibika, dawa bure, miezi sita kwa kawaida, lakini makovu ya vumbi hayana dawa. Mdogo wangu kamaliza dozi, kapona TB, na bado akibeba ndoo ya maji anakaa chini njiani kutafuta pumzi. Bosi wake alimpa nauli ya kwenda hospitali ya TB ya Kibong'oto mara moja, basi.

Na hapo ndo penye shida yenyewe, mwanaapolo kwenye karatasi sio mwajiriwa. Wengi hawana mshahara, ni chakula na mgao jiwe likitoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mwajiri anachangia 0.5% ya mshahara, haya nambieni 0.5% ya mshahara ambao haupo ni shilingi ngapi?

Kwa hiyo mimi nasema mchango ufuate jiwe, usifuate mshahara. Sehemu ya ule ushuru wa huduma ifungwe kwa kazi hii tu, mmiliki aongezee kidogo kwa kila mauzo, hela ziende idara ya afya wilaya ya Simanjiro zinunue eksirei ya kutembea mpaka mgodini, na wanaapolo wawe ndani ya kamati inayozisimamia. Mtasema kuna mmiliki ana miaka mitatu hajaona jiwe, sawa, huyo hauzi kwa hiyo hachangii. Kungoja wafadhili tuache, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona huduma za TB na UKIMWI zilivyoyumba.

Halafu kupima bila kuchoronga kwa maji ni kuhesabu wagonjwa tu, kila mwaka wapya. Wamiliki mliomo humu nawauliza kwa heshima, kuchoronga kwa maji kunashindikana wapi, ni bei ya pampu au ni maji yenyewe kufika kule chini? Semeni, maana kama ni pampu basi nayo iingie kwenye hesabu ya huo mchango.