Tupeane uzoefu: Sadaka ya Kwaresima shule ya msingi ya misheni, mlikuwa mnapeleka nini na kwa nani?

MtotoWaRombo:
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristu kwa wanaoitikia. Wengine, habari za jioni.

Binti yangu yuko darasa la tatu kwenye shule ya parokia hapa Morogoro. Jumatatu karudi na karatasi imebanwa kwa pini kwenye daftari: sadaka ya Kwaresima, kila mtoto Sh 5,000, akabidhiwe mwalimu wa darasa kabla ya Ijumaa. Nikampa. Keshokutwa yake namuuliza hela imekwenda wapi. "Kwa mwalimu." Na mwalimu akaipeleka wapi? "Sijui baba. Kwa Yesu labda." Nilicheka, ila jambo lenyewe limenikaa.

Sisi kule Rombo mwanzoni mwa miaka ya tisini hatukutoa hela, maana haikuwepo. Shule kwenye karatasi ilikuwa ya serikali, lakini iko ua mmoja na kanisa, na hakuna mtu aliyeiita kwa jina lake zaidi ya "misheni". Ijumaa za Kwaresima tulifanya Njia ya Msalaba saa nane, tunapiga magoti kwenye vumbi, na kabla ya kutawanyika mwalimu wa dini anakumbusha: Alhamisi Kuu kila mtu na alichonacho. Wengine walileta kuni, wengine ndizi, wa ukanda wa chini ambako maji ni shida hawakudaiwa kitu. Mimi nilipeleka maharage kwenye kopo la Blue Band. Kwa kuwa makopo yalitakiwa kurudishwa, nikachora herufi ya jina langu chini yake kwa msumari.

Siku ilipofika tukagawanywa makundi. Kundi langu lilipelekwa kwa babu mmoja kitongoji cha juu. Tumemchotea maji, tumemfagilia, tumeimba. Narudi nyumbani jioni, naona kopo kwenye kichanja cha jikoni. Nikaligeuza. Herufi yangu hiyo hapo.

Mama alikuwa mjane, tuko watoto watano. Kumbe jina lake lilikuwa kwenye orodha ya jumuiya, na kundi lingine lilikuwa limemletea maharage yangu mwenyewe, na kipande cha sabuni ya mche na sukari kwenye karatasi juu yake. Nilipandwa na hasira hata sijui ya nani. Mama anageuza ndizi tu motoni, akasema: "Wenzako walikuja. Wameimba vizuri sana. Na ninyi huko mlikokwenda, mliimba?"

Sasa nimewekwa kwenye kamati ya wazazi na kikao ni Jumamosi ijayo. Nataka niende na la kusema. Leteni uzoefu: mlipeleka nini, nani alipanga, nani alipelekewa. Na kama ulikuwa upande wa kupokea, usione haya.

Kibuyu_cha_Asali:
Mkuu hilo kopo limenimaliza. Naweka kambi hapa.

MstaafuRuvuma:
Mimi nimeingia darasa la kwanza mwaka 1964, shule ya misheni kwa Wabenediktini, wale wa Peramiho waliofika huko 1898. Tulikuwa na shamba tuliloliita shamba la wazee. Ekari moja hivi ya mahindi. Kulima tunalima sisi watoto, kupalilia sisi, kuvuna sisi, ila ole wako uonekane umechoma hindi moja la shamba lile. La shule ungechapwa fimbo mbili ukasahauliwa. La wazee ulipelekwa kwa bibi mwenyewe ukamwambie kwa mdomo wako kwamba umekula hindi lake. Afadhali fimbo.

Shule zilitaifishwa mwaka 1970, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Watu hudhani siku hiyo ilikuwa kama tetemeko. Sisi watoto tulichokiona ni fundi aliyekuja na ngazi, akang'oa kibao, akapaka kingine. Katekista aliendelea kuingia kipindi cha dini, kengele ya Malaika wa Bwana iliendelea kugongwa saa sita mchana, na mwalimu mkuu mpya, ambaye hakuwa Mkatoliki, alikuwa anasimama kimya kofia mkononi hadi iishe. Kilichokwisha ni maziwa ya unga. Na shamba la wazee liliendelea mpaka operesheni vijiji ilipotuhamisha katikati ya miaka ya sabini. Tulihamia mbali nalo. Wazee wenyewe wakahamishwa nasi, shamba likabaki pori.

Mwanangu, usiende kwenye kikao kulaumu hela. Nenda ukaulize kama shule ina kipande cha ardhi.

Neema_wa_Mbulu:
Naona tunapamba sana, ngoja niseme na upande wangu. Shule sitaitaja.

Nilisoma shule ya masista kwa kusaidiwa, baba alishafariki. Mwaka wa kwanza tu, nikiwa darasa la nne, walikuja wageni na mzigo. Tukaitwa mbele mstarini, majina yanasomwa: "watoto wanaosaidiwa". Shule nzima inatazama. Nikapewa viatu namba nne, mimi navaa namba mbili. Viatu havikuwa tatizo, nilijaza magazeti nikavivaa hadi la sita. Kilichoniuma ni kuambiwa niviinue juu, hivi, karibu na uso, nipigwe picha, nimekaa kama ninavinadi mnadani. Picha ile sijawahi kuiona lakini najua ninavyoonekana ndani yake.

Shule hiyohiyo alikuwepo sista mmoja wa stoo. Yeye hakuwahi kuniita msaidiwa. Kila Ijumaa ananiambia, "Neema, njoo unifagilie stoo." Nikishafagia, ananipa daftari mbili, au sketi, au sabuni: "Ujira wako huu, usidai zaidi." Nilitembea kifua mbele kabisa, mfanyakazi mimi! Nimekuja kutambua ukubwani kwamba stoo ile nilikuwa naikuta imeshafagiwa. Michirizi ya ufagio ilikuwa bado iko sakafuni.

Kibuyu_cha_Asali:
Michirizi ya ufagio... dada, pole. Na huyo sista Mungu amlaze pema kama ametangulia.

Neema_wa_Mbulu:
Yupo. Kastaafu, yuko nyumba ya masista wazee. Nikienda naye ananipa bili: "Umeniletea nini?" Anapenda karanga.

Mkweli_Daima:
Shule za Kanisa siku hizi ada ni mamilioni, basi la njano, sare tatu tofauti. Mtoto wa maskini anaziona kupitia dirisha la daladala. Halafu mnakaa hapa mnasimulia habari za hisani. Aliyepo ndani ya geti amsaidie nani, mwenzake wa basi la njano?

MtotoWaRombo:
Mkuu sikupingi. Mimi mwenyewe nalipa kwa awamu na bado nadaiwa ya muhula huu. Ndiyo maana nauliza. Ukuta wa shule ya binti yangu umepakana na watu wanaoponda kokoto. Mtoto hajui hata jina la mmoja wao.

BintiTanga:
Mimi ni Muislamu, nimesoma kwa masista Tanga. Salamu Maria naijua mwanzo mwisho hadi leo. Mama hakuwa na shida nayo, ilimradi jioni nionekane chuoni na juzuu yangu.

Nataka niseme la mwaka 1993. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 24 Februari na sisi tulikuwa ndiyo kwanza tuko katika siku za mwanzo za mfungo. Darasa zima likawa linafunga! Wenzetu kwa mpango wao, sisi kwa wetu, na mabishano ya kitoto hayakuisha: "Ninyi mnakunywa maji, huko ni kufunga?" "Ninyi mnakula daku usiku kucha, huko ni kufunga?" Sista akachoka. Akasema basi, aliye na nguvu za kubishana ana nguvu za kubeba.

Karibu na shule alikuwepo mzee muadhini, macho yamezimika, anaishi na mjukuu. Sista akapanga kila Ijumaa wale watoto wa Kwaresima walete mihogo, nazi, na chochote, na sisi wa Ramadhani tukapike futari kwa yule mzee, kwa kuwa "ninyi ndio mnajua anavyopenda". Kwa kweli hatukujua, tulikuwa na miaka kumi na moja. Futari ya kwanza mihogo iliungua chini, tui likakatika. Mzee akala, akauliza kapika nani. Tukasema tumepika sote. Akasema, "Nimeonja kwamba ni wengi."

Mwanahalisi07:
Hapo mlikuwa mnavutwa kidogokidogo dada, basi tu hamkugundua.

BintiTanga:
Miaka thelathini na zaidi imepita na bado niko saffu ya nyuma msikitini na magoti yangu mabovu. Hao waliokuwa wakinivuta wana kamba ndefu.

Kamene_K:
Hamjambo, mimi ni wa Machakos, Kenya. Kwetu shule nyingi za msingi za umma zinafadhiliwa na Kanisa, kwa hivyo ilikuwa shule ya serikali lakini padri yuko, misa iko, na Jumapili watoto tunacheza mbele ya maandamano na magwanda yetu. Maaskofu wetu hutoa kampeni ya Kwaresima kila mwaka, na mada zake kwa kila juma, basi darasani tunazisoma kama somo.

Hadithi yangu ni ndogo. Misa ya shule kikapu kinapita na wewe huna kitu. Ukipitisha mkono mtupu jirani anakuona. Kwa hivyo kuna wajanja walikuwa wakitumbukiza vizibo vya soda, vinalia ting' sawa na pesa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja sister anasimama kutoa hesabu: "Wiki hii tumepata shilingi mia mbili na kumi, na vizibo kumi na vinne." Kanisa likazizima. Nikajua tumekwisha. Sister akaendelea: "Vizibo tutavitumia darasa la kwanza, wanajifunza kuhesabu." Na kweli vilitumika. Nilikuja kuviona vimetungwa kwa waya kwenye dirisha la darasa la kwanza, na cha Fanta kilichokunjika upande mmoja nilikitambua.

Kibuyu_cha_Asali:
Uzi huu una vitu vinavyotambulika tu. Kopo, vizibo.

MleziUtoto:
Wapendwa, mimi ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, parokiani kwetu, nitajibu lile la "kwa Yesu labda".

Shirika hili lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Aliwaomba watoto vitu viwili tu: Salamu Maria moja kila siku na sarafu moja kila mwezi, kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Sarafu ya Utoto Mtakatifu inapita jimboni, inaingia mfuko wa pamoja wa dunia nzima, na kutoka huko ndipo inakwenda kwenye miradi ya watoto. Kwa hiyo mtoto hawezi kuiona inakofikia, na ndivyo ilivyokusudiwa. Hiyo haina ubaya. Ubaya ni akiijua hiyo tu.

Kwa hiyo sisi tumeweka na ya pili, ya miguu. Naweka hapa tunavyofanya maana mkuu anaihitaji Jumamosi. Orodha ya nyumba hatuandiki walimu, wanaandika akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwa kuwa ndio wanaojua nani kalala njaa na hasemi. Vitu havibebwi mkononi, vinakusanywa stoo siku mbili kabla, vinachanganywa, vinafungwa upya kwenye vikapu vinavyofanana. Mtoto hapelekwi nyumba ya mwanafunzi mwenzake, hata iwe jirani na shule. Hakuna simu, hakuna picha, mlezi akipiga picha anaacha ulezi. Na watoto hawaruhusiwi kuondoka mpaka wamepokea kitu kwa mwenye nyumba. Maji ya kunywa, hadithi, embe, wimbo wa zamani, chochote. Hili la mwisho alituwekea bibi mmoja aliyekataa kapu lake. Alisema, "Mnaniletea halafu mnakimbia kama mmeniwekea sumu?"

Makosa tunayafanya. Mwaka jana tulimpelekea mzee sukari kilo mbili na ana kisukari. Alitupokea vizuri, akagawia watoto wote pipi za kijiko.

Neema_wa_Mbulu:
Hiyo ya kutokupiga picha iandikwe kwa wino mwekundu.

MtotoWaRombo:
Mlezi, nimekopi yote. Ila nina swali kwenye hilo la kuchanganya na kufunga upya. Ingekuwa hivyo kwetu, nisingelijua kopo langu. Nimekaa nikajiuliza kama ningependa nisilijue. Sina jibu. Kwa miaka mingi nilikuwa nasema lile jambo liliniumbua, lakini ndilo pekee ninalolikumbuka la Kwaresima zote saba.

MleziUtoto:
Wewe ulilijua, ndiyo. Ila na wale waliolibeba kumpelekea mama yako walikujua. Walikusema?

MtotoWaRombo:
Hapana. Hata mmoja. Mmoja wao ni shemeji yangu sasa, na hajawahi kuligusa hilo jambo.

Mkweli_Daima:
Leo nimekosa la kupinga. Mleta mada, urudi utuambie kikao kimeamuaje.

MtotoWaRombo:
Mrejesho, wakuu. Kikao hakikufanyika, paroko kaitwa jimboni, kimesogezwa hadi baada ya Jumapili ya Matawi, na hapo si Kwaresima itakuwa imekwisha? Nimemwandikia mwalimu mkuu ujumbe kuhusu akina mama wa WAWATA na lile la kipande cha ardhi. Amejibu "Pokea baraka." Sijui ni ndiyo au hapana.

Binti naye, baada ya kumsimulia habari ya kopo, ameanza kutia maharage kwenye ndoo tupu ya rangi chini ya kitanda chake, kiganja kimoja kila mama yake anapochambua ya kupika. Amechora herufi yake chini. Jana nimefungua, nusu yameshatobolewa na wadudu. Kesho asubuhi tunayaanika juani kabla hajaenda shule, halafu nitafute majivu ya kuchanganyia. Mwenye dawa nyingine ya kienyeji aseme.