ESPN kuzimwa YouTube TV wiki mbili, hivi walikuwa wanagombania nini hasa?

MwenyeBanda
Wakuu habari za jioni. Mimi nina banda la kuonyesha mpira huku Tanga kwa hiyo habari za chaneli na vifurushi nazifuatilia hata zisizonihusu. Kuna hii nimeisoma nikairudia bado hainiingii. Usiku wa Oktoba 30, 2025 chaneli zote za Disney, ESPN ile ya michezo ikiwemo, zikatoka YouTube TV, ile huduma ya Marekani ya kuuza vifurushi vya chaneli kwa mtandao, zimekuja kurudi Novemba 14. Wiki mbili! Tena katikati ya msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, yani ni kama mtu akuzimie EPL mwezi wa kumi na mbili. Sasa Disney anataka watazamaji, YouTube TV ana wateja kama milioni 10 wanaolipa dola 82.99 kwa mwezi, wanahitajiana kabisa, mpaka mnazima mnagombania nini? Mimi nikizima TV siku ya derby vijana wanaondoka na mabenchi yangu.

Kijana_Dallas
Mkuu mimi niko huku huku Dallas. Sikuguswa kwa sababu silipii kifurushi chochote, nina antena tu ya kubandika dirishani, ABC ambayo nayo ni ya Disney inarushwa hewani bure. Sasa Jumatatu ya Novemba 3 Cowboys, timu ya huku ya NFL, walikuwa wanacheza na Cardinals, nasikia mlango unagongwa, kumbe jirani yangu, mzee mmoja hivi ambaye tangu nihamie salamu yake ni kupunga mkono tu, kashika boksi la kuku anauliza kama kwangu inaonekana. Nikamkaribisha. Cowboys wakapigwa 27-17, mzee akasimama akaondoka bila kuaga, kuku akaniachia 😂

Kuhusu swali lako, wanagombania bei ya kichwa. Kila chaneli huku inalipwa na mwenye huduma kwa kila mteja kila mwezi, awe anaiangalia au haiangalii. Chaneli nyingi ni senti tu, lakini ESPN peke yake inakadiriwa kupita dola 9. Zidisha mara milioni 10 uone ni hela gani hiyo kila mwezi.

MhasibuMkavu
Dallas kaanza vizuri, nimalizie. MwenyeBanda chukulia banda lako lina TV mbili, moja mpira moja muvi za Kihindi, mlangoni unachukua mia tano kwa kila mtu bila kuuliza kaja kuangalia nini. Yule dada wa muvi za Kihindi anamlipia mpira yule wa Simba, na hajui. Biashara ya ESPN ilijengwa hapo miaka na miaka, mamilioni ya kaya wanalipia michezo wasiyoiangalia. Ndiyo maana ESPN inaweza kuwapa NFL kama dola bilioni 2.7 kwa mwaka, na NBA nao wamesaini dili la miaka 11 la dola bilioni 76 kwa Disney, NBC na Amazon kwa pamoja, limeanza msimu wa 2025/26. Sasa watu wanakimbia vifurushi, vichwa vinapungua, bei ya ligi inapanda, kwa hiyo Disney anachoweza kufanya ni kupandisha bei kwa vichwa vilivyobaki.

YouTube TV naye anasema mimi nakua wenzangu wanapungua, nipunguzie. Hapo ndo penye mfupa. Mikataba ya kule mara nyingi ina kifungu kwamba ukimpa mwingine bei nafuu na mimi unipe, yani Disney akimlegezea mmoja kesho yake foleni ipo mlangoni. Ndo maana inakuwa ngumu hata kwa tofauti inayoonekana ndogo.

Halafu tarehe. Hawazimi mwezi wa saba hawa. Charter, kampuni ya kebo, walikatika chaneli za Disney Agosti 31, 2023 wakapatana Septemba 11, masaa machache kabla ya mechi ya NFL ya Bills na Jets. DirecTV, ya dishi, ikawa Septemba 1 mpaka 14, 2024. Mikataba inapangwa iishe msimu wa NFL unapoanza au ukiwa umepamba moto, mwenye chaneli anajua fika simu za wateja zitapigwa kwa nani.

MwenyeBanda
Sawa mhasibu hapo kwenye muvi za Kihindi umenigusa, na kweli huwa wanalalamika. Ila mbona huyu YouTube TV alivumilia wiki mbili? Si wateja wangehama?

MhasibuMkavu
Walihama wapo, na aliwapa dola 20 za kuwatuliza. Lakini mwenye YouTube ni Google, ile ni biashara yake ya pembeni. Disney wachambuzi wa Morgan Stanley walimkadiria hasara ya kama dola milioni 30 kwa wiki. Mwenye mfuko mrefu anasubiri.

DishiLaKutu
Mnasema Google mkubwa anamwonea Disney maskini 😂 huyo Disney mbona hamumsemi? Oktoba 29, siku moja kabla ya kuzima, alikamilisha dili la kuchukua asilimia 70 ya Fubo na kuiunganisha na Hulu Live, yani na yeye anauza vifurushi hivyo hivyo. Mwenye duka la jumla kafungua genge mbele ya genge lako halafu anakupandishia bei ya unga. Na mwezi wa nane alishaanza kuuza ESPN moja kwa moja kwa dola 29.99.

Huku kwetu ugomvi wa namna hii huuoni sana na sababu si upole. Ligi yetu Azam alichukua haki mwaka 2021, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Chaneli yake, king'amuzi chake, na timu ndani ya ligi anayo. Agombane na nani, na mkono wake wa kushoto? Yanga walilipigia kelele hilo la timu tangu dili la kwanza la 2013. Mimi sisemi ni mbaya, timu ndogo zilikuwa zinasafiri kwa michango kabla ya hapo, ila usishangae bei ikipanda na huna pa kwenda.

Ile ya 2018 wangapi wanakumbuka? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliagiza ving'amuzi vya kulipia viache kubeba chaneli za bure, ITV, Clouds, Star TV zikapotea watu wakabaki wanasaka king'amuzi cha pili. Pale hawakugombania bei ya kichwa hata kidogo, ilikuwa ni leseni. Na walioumia ni wenye chaneli, kwa sababu wao wanakula matangazo.

MamaPwani
Mmesahau GTV, ile TV ya kulipia, nyie watoto. 2007 walibeba EPL kwa mbwembwe, bei rahisi, Januari 2009 wakafunga. Haki walinunua ghali wateja hawakutosha, madishi yakabaki juu ya mabati yanakaliwa na kunguru.

Kijana_Dallas
Charter pia kuna kitu mhasibu kakiruka. Ule mwaka walipopatana alizitupa chaneli nane za Disney, Freeform, Disney Junior na wenzake, zile zilizokuwa zinapanda gari kwa sababu ya ESPN. Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye mpira anashinda tu kila kitu. YouTube TV naye amepata vipindi vya ile ESPN ya dola 29.99 viingie kwenye kifurushi bila nyongeza. Ila 82.99 haikushuka hata senti.

MwenyeBanda
Nimewaelewa sana wakuu, kumbe anayenipa hela ya Azam ni wale dada wa Kihindi. Dallas hiyo antena inauzwaje?

Kijana_Dallas
Dola 20 mkuu. Lakini ESPN yenyewe haishiki, ni ABC tu.