Mkeka wa kubeti wa 1,000 unalipiwa kwa sekunde 10, gemu langu la bao limekosa njia. Nimechoka wakuu

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki hii nimeliacha gemu langu life. Google Play kila mwaka wanataka programu ifanyiwe marekebisho iendane na Android mpya. Usipofanya, mwenye simu mpya akilitafuta halioni kabisa. Siku ya mwisho imepita sijagusa kitu. Kazi yenyewe ni ya siku 3 au 4 tu, naiweza. Nilichoshindwa ni kumweleza mke wangu kwa nini nikeshe siku 4 kwa kitu ambacho mwaka na nusu hakijaleta hata kodi ya chumba ya mwezi mmoja.

Gemu lenyewe ni bao. Bao la Kiswahili lenyewe, mashimo 32, kete 64, namua kwanza (kuingiza kete za akiba moja moja) halafu mtaji (kusambaza zilizo ubaoni), kama linavyochezwa vijiweni. Toleo la kwanza nililipeleka Magomeni kwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwogopa kwenye bao. Akacheza kama dakika 10, akanirudishia simu. "Mwanangu, kete yangu ya mwisho imeangukia nyumbani. Mbona mashine yako imeondoka na nyumba yangu bila kuniuliza?"

Alikuwa sahihi. Kwenye namua, ukiwa unakula na kete ya mwisho ikaishia kwenye nyumba yako, lile shimo maalum la upande wako, ni wewe unayeamua usimame au usafiri nayo, yaani uzoe kete zake uendelee kusambaza. Programu yangu ilikuwa inasafiri tu. Nikadhani ni kazi ya jioni moja, ikala wiki 3, kwa sababu kompyuta nayo ilibidi niifundishe ni wakati gani kusafiri kunalipa na wakati gani ni kujimaliza mwenyewe. Na ilikuwa kipindi kile cha mgao, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024. Mchana umeme hakuna, nalala. Saa 5 usiku ukirudi naamka naandika mpaka alfajiri. Niliporudi kijiweni mzee alicheza mpaka adhana ya magharibi, na mechi mbili mashine ikamfunga. Siku ile nilirudi nyumbani nikijua nimetengeneza kitu.

Nasema haya kwa sababu najua comment ya kwanza itakuwa "tatizo vijana wetu hawana ujuzi". Hapana mkuu. Nairobi mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa gemu la 3D, The Adventures of Nyangi, enzi ambazo intaneti ya kebo ya baharini ilikuwa bado haijafika pwani yetu. Yaoundé, Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games walitoa gemu la Aurion mwaka 2016 kwenye mji ambao umeme unakatika kama kwetu, na sehemu ya mtaji waliipata kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida mtandaoni. Gemu la Flappy Bird lililoshika dunia nzima mwaka 2014 lilitengenezwa na kijana mmoja yuko Hanoi, Vietnam. Ujuzi upo. Mimi nililipia zile dola 25 za kufungua akaunti ya Google Play, nikapandisha gemu, likafika watu 11,000 waliolipakua bila mimi kutangaza popote zaidi ya magrupu ya WhatsApp.

Watu 11,000. Matangazo yaliyokuwa yanaonekana ndani ya gemu yameingiza dola 43. AdMob, huduma ya matangazo ya Google, hawatumi hela mpaka ufikishe dola 100, kwa hiyo hizo 43 zipo pale, naziangalia kama mtu anavyoangalia samaki wa baharini. Mteja wa tangazo hailipii simu ya Mbagala sawa na simu ya London. Halafu watu wetu wanazima data wakicheza ili bando lisiishe, na data ikizimwa tangazo halipo. Wengine wengi zaidi hawakulipakua hata kidogo, walirushiana kwa Xender na Bluetooth. Siwalaumu, bando ni ghali. Nililifanya gemu liwe MB 28 kwa sababu hiyo hiyo.

Basi nikasema niuze. Nikachora mbao za aina 5, moja ya mninga wenye michirizi, nyingine ya mvule uliozeeka, kila moja shilingi 1,000. Nilivyoziweka tu meseji zikaanza kuingia. Wanazitaka! Na karibu wote swali moja: "Kaka nalipaje?" Simu inawaomba kadi ya benki, hawana. Wananiuliza kama wanaweza kunitumia kwenye namba yangu halafu mimi niwafungulie.

Kuna atakayesema watengeneze ile kadi ya Visa ya kwenye simu. Mkuu, najua ipo. Nenda kamweleze bodaboda aliyepaki anasubiri abiria ajaze hatua zote zile kwa ajili ya ubao wa shilingi 1,000. Bodaboda huyo huyo, hapo hapo alipopaki, anaweka 1,000 kwenye mkeka kwa sekunde 10. Anabonyeza, anaweka namba ya siri, imeisha. Kwa hiyo msiniambie Mtanzania halipii vitu vya kwenye simu. Analipa kila siku, tena mechi za ligi ambazo hajui hata ziko nchi gani.

Nikaamua niuze toleo jingine nje ya Google Play, kwenye tovuti yangu, mtu alipie kwa simu kama anavyolipia king'amuzi. Hapo ndipo nilipoona mambo.

Kwanza ofisi. Sitaitaja. Mhudumu kasoma fomu, kaona neno "gemu" na "wachezaji watalipia", akaniambia nikachukue leseni ya michezo ya kubahatisha. Nikamweleza hakuna mtu anaweka dau, hakuna anayeshinda hela, ni bao, lile la babu yako. Nikatoa simu nikamwonyesha kete. Akaniambia, "Mdogo wangu, mchezo wa kulipia ni kubahatisha, mimi nafuata kilichoandikwa." Nimekwenda pale mara 3. Mara ya tatu mwingine akanisajili chini ya "huduma nyinginezo za kompyuta", fungu moja na anayechapa barua stendi. Sina dharau kwa anayechapa barua. Ninachouliza ni kwa nini nchi yenye bao, yenye karata, yenye mabanda ya PlayStation kila mtaa, haina mstari hata mmoja kwenye fomu wa mtu anayetengeneza gemu.

Halafu kampuni ya kati, wale wanaokuunganisha na mitandao ya simu. Nayo siitaji. Wakataka usajili wa kampuni, leseni, barua ya benki, amana ya kuanzia, nikatafuta vyote. Kisha wakaniletea mkataba. Mtandao unakata chake, wao wanakata chao, mimi ninayelala saa 11 alfajiri nabaki na shilingi 350 katika kila 1,000. Kabla ya kodi. Google, ambao dunia nzima inawalalamikia kwa unyonyaji, tangu 2021 wanakata asilimia 15 tu mpaka ufikishe mauzo ya dola milioni 1 kwa mwaka. Sasa hawa wa kwetu hiyo asilimia 65 wameifanyia nini? Kete moja wameichora wao?

Nikajaribu na Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, kwa toleo la kompyuta. Dola 100 kwa kila gemu, sawa, nilichanga. Kule sarafu ya Afrika ni moja tu, randi ya Afrika Kusini. Shilingi yetu haipo, ya Kenya haipo, naira haipo. Na kuhusu kupokea hela, kipindi hicho PayPal ya Tanzania ilikuwa ya kutuma tu, kupokea hakuna, wakati Kenya tangu 2018 wanavuta hela ya PayPal mpaka kwenye M-Pesa. Wenzangu wawili wamefungua kampuni Nairobi kwa sababu hiyo tu. Kodi yao inalipwa kule. Siwezi kuwalaumu hata kidogo.

Kinachoniuma kuliko vyote ni mchoraji wangu. Huyu dogo alikuwa anaweza kukaa siku nzima kwenye kivuli cha kete moja. Akichora mkono unaookota kete, unaona kucha za mtu aliyefanya kazi za shamba. Nilimwahidi asilimia 40 ya mapato. Asilimia 40 ya kitu kisichotoka akaunti ya Google. Alivumilia miezi 14, mama yake akaugua, akaniomba msamaha. Mimi ndiye nilipaswa kumwomba yeye. Leo anachora matangazo ya kampuni ya kubeti, wanamlipa kila tarehe 28 bila kuchelewa.

Mwaka 2011 Obama alipokwenda Poland, waziri mkuu wao Donald Tusk alimpa zawadi, na moja ya zawadi hizo ilikuwa gemu, The Witcher 2, kazi ya vijana wa nchini kwao. Waziri mkuu mzima. Sisi wageni tunawapa Tingatinga na vinyago, ni sawa, ni vyetu, ila na hili lingeweza kuwa letu. Siombi ruzuku. Siombi semina nyingine ya vijana na ubunifu yenye chai na picha ya pamoja, hizo nimehudhuria za kutosha na fulana ninazo. Nataka fungu kwenye usajili linaloitwa kutengeneza gemu. Nataka mitandao ya simu inipe mlango ule ule inaowapa wenye mikeka, kwa makato ninayoweza kuyasoma mahali kabla sijaanza. Basi.

Kama kuna humu ameuza kitu chake cha ndani ya simu kwa Lipa Namba au vinginevyo na akabaki na zaidi ya nusu, naomba aandike hapa amepitia wapi, hatua kwa hatua. Wengine wengi wanahitaji kujua, siyo mimi tu.

Mzee wa Magomeni kabadilisha simu juzi. Mjukuu wake kalitafuta bao Google Play halionekani, wakanipigia. Jioni hii nimetoka kijiweni kumwekea kwa Bluetooth.