Mtango wa Yona au mbarika? Pumzi ya Mungu iko katika lugha gani?

MLETA MADA (Mbale)
Wakuu, hili limetushinda kanisani, nalileta kwenu. Jumapili iliyopita ibada ya Kiswahili zamu ya kusoma ilikuwa yangu, Yona sura ya 4. Nikasoma pale Bwana Mungu anapoweka tayari mtango, ukakua juu ya Yona uwe kivuli kichwani pake. Baada ya ibada tumekaa chini ya mwembe, mama mmoja mjane wa askari, mtu wa Arua mwenye Kiswahili cha kambini hasa, akaniuliza: "Mwanangu, umewahi kulima matango? Mtango unatambaa chini. Kivuli unampa nani, panya?"

Tulicheka sana. Kijana wa kwaya akatoa simu, akapekuapekua, akasema neno la Kiebrania pale ni qiqayon, na wataalamu wengi wanaona ni mbarika, ule ule ambao Waganda huuita nsogasoga, unaoota wenyewe kwenye majalala ya mji huu bila kupandwa na mtu. Mbarika unasimama, majani yake mapana kama kiganja kilichofunguliwa, na unakua mbio. Mama akaridhika. Aliyekataa ni mzee wetu wa kanisa. Kwake yeye, mtango ukiwa kosa basi neno la Mungu lina kosa. Na kwa kuwa neno la Mungu halina kosa, ni mtango, yamekwisha.

Sasa swali: maandiko ya Kiebrania yakitafsiriwa, pumzi ya Mungu inavuka nayo au inabaki ng'ambo? Mimi nasema inavuka. Mfasiri ni mtu, anaweza kuchagua mmea usio wenyewe, na asahihishwe. Lakini kinachosemwa kinafika. Karibuni.

MLOKOLE WA JINJA
Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya 1952, ndiyo iliyoniokoa. 2 Timotheo 3:16, kila andiko lenye pumzi ya Mungu. Hajasema kila andiko la Kiebrania. Hizo simu zenu zitawapoteza.

MWALIMU WA HISTORIA (Kampala)
Mleta mada, mwambie mzee wako kwamba hiyo vita ina zaidi ya miaka 1,600, na ilianza kwa mmea huo huo.

Mwaka 403 Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alimwandikia Jerome, mtaalamu wa Biblia, barua ya malalamiko. Jerome alikuwa ameanza kutafsiri Agano la Kale kwa Kilatini moja kwa moja kutoka Kiebrania, badala ya kupitia Kigiriki kama wenzake. Askofu mmoja wa Oea, ndiyo Tripoli ya Libya ya leo, akaruhusu tafsiri hiyo isomwe kanisani. Ilipofika Yona, waumini wakasikia mmea tofauti na ule waliouzoea tangu utotoni, jamii ya maboga na mamung'unye. Zikazuka ghasia. Askofu alikaribia kubaki na viti.

Jerome akajibu kwamba mmea wenyewe anaufahamu: majani mapana, kivuli kizito, unasimama kwa shina lake. Lakini hakuwa na jina lake kwa Kilatini, na angeacha neno la Kiebrania kama lilivyo hakuna ambaye angemwelewa. Kwa hiyo akaandika hedera, ambao ni mtambaazi wa ukutani! Yaani mtu aliujua mbarika, akaueleza vizuri kabisa, kisha akaandika mmea mwingine. Mimi hapo huwa nacheka peke yangu.

Na lile boga lilitoka wapi? Kwenye Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyoanza kufanywa Aleksandria karne ya 3 KK. Kwa hiyo mtango wa Mbale una ukoo mrefu, umepita Misri.

Nyongeza kidogo, nje ya mada, kwa wanaosema Kiswahili Uganda ni lugha ya askari na wezi: msafiri Stanley alipomwachia Kabaka Mutesa kijana Dallington Maftaa amfundishe Biblia mwaka 1875, sehemu za Biblia zilizotafsiriwa pale jumbani zilikuwa kwa Kiswahili, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Luganda ilifuata baadaye.

JIRANI WA NABUGOYE
Shalom. Mimi ni wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, mleta mada, tuko kilima cha pili tu kutoka kwenu.

Sisi hatuwezi kuitukana tafsiri, ndiyo iliyotuzaa. Semei Kakungulu, mwanzilishi wetu, hakujua Kiebrania hata herufi moja. Alisoma Biblia ya Luganda ya 1896, kazi ya mmisionari Pilkington na Henry Wright Duta, ile fupi nene iliyotengenezwa itoshee kwenye debe la biskuti ili mchwa wasiitafune. Akasoma tohara, akasoma Sabato, akauliza kwa nini hazifuatwi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wazee wetu husimulia kwamba wenzake walimwambia hayo ni ya Wayahudi, naye akajibu basi sisi ni Wayahudi. Hakuna rabi aliyemfikia kabla ya hapo. Kilichomfikia ni kitabu cha Kiluganda.

Hata hivyo tulirudi kwenye Kiebrania, na sijutii. Torati ya sinagogi imeandikwa kwa mkono kwenye ngozi. Tunasali kwa Kiebrania, na Luganda pia ili kila mtu aelewe, lakini watu wawili wakibishana kuhusu maana, hawaendi kwenye Luganda kuamuliwa. Mfano mnaoujua: Isaya 7:14. Biblia zenu zinasema bikira. Kiebrania kinasema almah, mwanamke kijana. Kiebrania kina neno jingine la bikira, betulah, na Isaya hakulitumia. Kigiriki kikaandika parthenos, na juu ya neno hilo mmejenga ghorofa.

Hata marabi wetu wa zamani hawakukubaliana. Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi, inasimulia wazee 72 waliofungiwa katika vyumba 72 na mfalme Ptolemayo, na Mungu akatia shauri moja katika mioyo yao wote. Maandishi mengine yetu yanasema siku Torati ilipotafsiriwa kwa Kigiriki ilikuwa nzito kwa Israeli kama siku ya ndama wa dhahabu. Chagueni.

USTADH (Kibuli)
Assalaam alaykum. Ndugu zangu Ahlul-Kitab, watu wa Kitabu, naomba niingie bila ugomvi.

Kwetu Qur'ani ikitiwa Kiswahili au Luganda tunaiita tafsiri ya maana zake, wala hatuswali kwayo. Ila hoja yangu ni nyingine. Mnabishana kama tafsiri ni sawa na asili. Asili ipi? Biblia nzima ya Kiebrania iliyo ya zamani kuliko zote na imekamilika ni nakala ya mwaka 1008. Magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kuonekana 1947, ni ya zamani zaidi kwa miaka elfu na ushei, lakini mengi ni vipande. Na hayasemi mamoja. Someni 1 Samweli 17:4: Goliathi ana mikono sita na shibiri, karibu mita tatu. Gombo la Samweli la Qumran linasema mikono minne na shibiri, na Septuaginta vilevile. Hiyo ni mita mbili na kidogo. Mtu mrefu, ndiyo, lakini nina mpwa wangu anacheza mpira wa kikapu anamkaribia.

Kwa hiyo hapo tafsiri ya Kigiriki imehifadhi kitu ambacho Kiebrania chenu cha kawaida hakina. Jirani wa Nabugoye, unasemaje?

JIRANI WA NABUGOYE
Nasema mita mbili zinatosha kumtisha mtu mwenye kombeo. Ila umenibana, Ustadh, nakiri.

MLETA MADA
Ustadh asante, umenifungulia mlango. Wenye Union Version, fungueni kurasa mbili.

Mwanzo 47:31, Yakobo anainama kwenye kitanda. Waebrania 11:21, Yakobo yuleyule, habari ileile, anaegemea fimbo. Mimi nimesoma Biblia miaka thelathini sijawahi kuona mpaka wiki hii. Kiebrania cha kale kiliandikwa konsonanti tu, kama maandishi ya Kiarabu yasiyotiwa irabu. Neno ni m-t-h. Ukilisoma mittah ni kitanda, ukilisoma matteh ni fimbo. Waliotafsiri Kigiriki walisoma fimbo. Karne nyingi baadaye Wamasoreti, waliotia alama za irabu, wakatia za kitanda. Na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alinukuu Kigiriki, fimbo, kama andiko la Mungu, bila kuomba radhi.

Kwa Mkristo basi hakuna pa kukimbilia. Ukisema pumzi iko katika Kiebrania tu, umeitoa katika Agano Jipya, kwa sababu waandishi wake mara nyingi walinukuu tafsiri. Ndiyo maana nasema inavuka.

MLOKOLE WA JINJA
Kwa hiyo Mungu alisema kitanda au fimbo? Jibu moja tu.

MLETA MADA
Yakobo alikuwa mgonjwa, mzee, anakaribia kufa. Vyote viwili vilikuwa chumbani. Lakini ukinishika koo sijui, na imani yangu haikulala kwenye kile kitanda.

JIRANI WA NABUGOYE
Waraka kwa Waebrania si andiko kwetu. Hilo mtajuana wenyewe.

MTU WA GULU
Mnazungumzia mimea na vitanda. Sisi Acholi ni jina la Mungu mwenyewe.

Mwandishi wetu Okot p'Bitek alilieleza hili vizuri. Mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee: nani aliwaumba? Kiacholi hakina neno la kuumba kitu kutoka pasipo kitu, swali likatoka kama: nani aliwafinyanga, kama chungu? Wazee wakashangaa, mtu anazaliwa na mama yake. Wakabanwa. Mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata ugonjwa unaompinda mgongo hadi awe na kibyongo, husemwa Rubanga amemfinyanga. Akajibu: Rubanga. Mapadri wakaandika, na ndilo jina la Mungu tunalosali nalo hadi leo.

Bibi yangu alisali kwa Rubanga kila asubuhi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Sasa mleta mada, pumzi ilivuka pale? Ilivuka na nini? Siulizi kwa kejeli, nataka kujua kweli.

MAMA MKATOLIKI (Tororo)
Ninyi wa vitabu 66 mnakosa jibu lililo kwenye 73. Mjukuu wa Bin Sira, mwenye kitabu kimoja cha hivyo vya ziada, alimtafsiri babu yake kwa Kigiriki huko Misri, na katika utangulizi anaomba radhi: yaliyosemwa kwa Kiebrania hayana nguvu ileile yakihamishiwa lugha nyingine. Huo utangulizi wa kuomba radhi upo ndani ya Biblia yetu.

MWALIMU WA HISTORIA (Kampala)
Mama, hapo umewapiga bao wote.

MLETA MADA
Mtu wa Gulu, nimekaa na swali lako tangu mchana. Siwezi kusema bibi yako alisali hewani. Na siwezi kusema mapadri walisikia sawa. Zaidi ya hapo sina.

Taarifa tu: jioni hii mzee wa kanisa alipita kwangu. Nyuma ya jiko kuna mbarika umepita kimo cha paa, nikamzungusha nyuma. Alisimama chini yake na fimbo yake, jua lilikuwa bado kali, akatazama juu. "Majani ni mapana kweli," akasema. Akachuma moja, akalizungusha mkononi.

Kisha akaniambia tukirudi Yona nisome mtango, kama ulivyoandikwa. Ila mama wa Arua akiuliza tena, nimpeleke na yeye nyuma ya jiko.